Picha ya Mtu Anayeruka



Ukisimama Makambako, pale barabara ya kwenda Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya kwenda Mbeya, utaona watu wengi wakienda mbio. Basi likisimama, wachuuzi hulikimbilia. Huyu ana mahindi ya kuchoma, yule ana ndizi, mwingine ana karanga. Basi likianza kuondoka, wengine bado wanakimbia kando ya dirisha ili warudishe chenji.

Sasa jibu swali hili. Mchuuzi anapokimbia, je, kuna wakati ambapo miguu yake yote miwili iko hewani? Na mzee anayetembea taratibu kwenda sokoni, je, naye miguu yake yote huachana na ardhi?

Waulize wenzako darasani. Huenda mkabishana. Jambo hili ni la ajabu kidogo, kwa sababu kila mmoja wetu ameona watu wakitembea na kukimbia tangu utotoni. Lakini kuona ni jambo moja, na kuona sawasawa ni jambo jingine. Mwendo ni wa haraka, na macho hayawezi kuukamata.

Jibu ni hili. Mtu anayetembea huwa daima na mguu mmoja chini. Mguu wa pili hauondoki mpaka wa kwanza umekwisha kukanyaga. Mtu anayekimbia ni tofauti. Katika kila hatua kuna kitambo kidogo ambapo miguu yote miwili iko hewani. Kwa hiyo kukimbia ni kuruka, tena na tena.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa picha. Katika somo hili tutaona jinsi watu walivyotumia kamera kusimamisha mwendo. Kisha tutaangalia picha moja iliyopigwa nchi jirani ya Rwanda mwaka 1907. Picha hiyo itatufundisha kwamba picha nayo husomwa, kama barua inavyosomwa.

KAMERA 12 NA FARASI MMOJA

Kamera ni sanduku lenye giza ndani. Mbele lina kioo na mlango mdogo. Mlango ukifunguliwa, mwanga huingia na kuchora sura ya kitu kilicho mbele yake. Kamera za zamani zilikuwa na kipande cha kioo kilichopakwa dawa. Dawa hiyo ndiyo iliyoshika sura.

Lakini kamera za kwanza zilikuwa za polepole sana. Mlango ulibaki wazi kwa muda mrefu, na mtu aliyepigwa picha alipaswa kutulia kimya. Akitikisika, sura yake ilitokea kama moshi. Kwa hiyo picha za mtu anayetembea au kukimbia hazikuwezekana.

Katika nchi ya Marekani alikuwako tajiri mmoja aitwaye Leland Stanford. Alifuga farasi wa mashindano. Alitaka kujua kama farasi anayekimbia huinua miguu yake yote minne kwa mara moja. Kazi hiyo alimpa mpiga picha Eadweard Muybridge, mtu aliyezaliwa Uingereza mwaka 1830.

Muybridge alifanya kazi hiyo Palo Alto, mwezi Juni mwaka 1878. Alipanga kamera 12 kwa mstari kando ya njia ya farasi. Kila kamera ilifungwa uzi uliokatiza njia. Farasi alipopita aligusa uzi wa kwanza, na kamera ya kwanza ikapiga picha. Akagusa uzi wa pili, na kamera ya pili ikapiga. Ikawa hivyo mpaka kamera ya kumi na mbili.

Picha zilipotoka, watu walishangaa. Ni kweli farasi huinua miguu yote minne. Lakini hainui wakati miguu imenyooka mbele na nyuma, kama wachoraji wa Ulaya walivyokuwa wakichora. Huinua wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji hodari walikuwa wamekosea kwa muda mrefu.

Baada ya farasi, Muybridge aligeukia binadamu. Kuanzia mwaka 1884 alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Alipiga picha watu wakitembea, wakikimbia, wakipanda ngazi, wakibeba ndoo, na wakimwaga maji. Alipiga pia picha za wagonjwa wenye shida ya kutembea, ili madaktari wapate kuchunguza hatua zao. Mwaka 1887 alitoa kurasa 781 za picha hizo.

Angalia jambo moja muhimu. Nyuma ya watu wake, Muybridge aliweka ukuta wenye nyuzi zilizogawanya miraba midogo. Kila mraba ulikuwa wa sentimeta 5. Kwa nyuzi hizo mtazamaji aliweza kupima mguu umeinuka kiasi gani na mwili umesogea kiasi gani. Picha ilikuwa na rula ndani yake. Kumbuka hilo, tutalihitaji baadaye.

BUNDUKI ISIYOUA

Wakati huohuo, Ufaransa alikuwako daktari mmoja aitwaye Étienne-Jules Marey. Naye alizaliwa mwaka 1830, na wote wawili walifariki mwaka 1904.

Mwaka 1882 Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki. Alilenga ndege anayeruka na kuvuta kidole, kama mwindaji. Lakini ndege hakufa. Bunduki hiyo ilipiga picha 12 kwa sekunde moja tu.

Marey alitumia pia njia nyingine. Alimvika mtu nguo nyeusi kutoka kichwani hadi miguuni. Juu ya nguo hiyo alishona mistari myeupe kufuata mikono na miguu. Mtu huyo alitembea mbele ya kibanda cheusi. Katika picha mwili haukuonekana. Ilionekana mistari myeupe tu, mingi, ikifuatana kama mabua shambani. Kwa mistari hiyo Marey aliona jinsi goti linavyokunja na mkono unavyopunga.

Kazi ya Muybridge na Marey ilisaidia kufungua njia ya sinema. Sinema ni picha nyingi zinazofuatana upesi, hata macho yakadhani ni mwendo mmoja.

WAAFRIKA MBELE YA KAMERA

Njia hizo hazikukaa Ulaya na Marekani kwa Wazungu peke yao. Mwaka 1895 yalifanyika maonyesho mjini Paris. Watu kutoka Afrika Magharibi waliletwa huko ili watazamwe na wenyeji. Daktari Félix-Louis Regnault alitumia kamera ya namna ya Marey kupiga picha za mwendo wao. Mmoja wao alikuwa mama wa Kiwolofu anayefinyanga chungu. Wengine walipigwa picha wakitembea, wakikimbia, na wakibeba mizigo.

Regnault alitaka kulinganisha mwendo wa watu wa makabila na rangi mbalimbali. Hapa tunaanza kuona hatari. Kamera ileile iliyotumika kuuliza "Mtu hutembeaje?" ilianza kutumika kuuliza "Mtu huyu ni wa aina gani?" Maswali haya mawili si sawa.

PICHA YA NYANZA, 1907

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 1907 nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Huku kusini Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 na kufika hata Ubena, vilikuwa vinamalizika kwa njaa na vifo vingi. Rwanda nayo ilihesabiwa kuwa sehemu ya koloni hilohilo, pamoja na Burundi. Lakini Rwanda ilikuwa na mfalme wake, Yuhi Musinga, aliyekaa Nyanza.

Mwaka huo msafara wa Wajerumani ulifika Nyanza. Kiongozi wake alikuwa Adolf Friedrich, mtu wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, Ujerumani. Wenyeji waliwaonyesha wageni michezo yao. Mmoja ulikuwa mchezo wa kuruka juu, ambao kwa Kinyarwanda huitwa gusimbuka.

Kamba nyembamba ilifungwa kati ya miti miwili. Mrukaji alitoka mbali mbio, akaruka, akapita juu ya kamba. Picha ilipigwa akiwa hewani. Chini yake wamesimama Wajerumani wawili, Adolf Friedrich na msaidizi wake. Mrukaji anapita juu ya vichwa vyao.

Ni picha ya kustaajabisha. Adolf Friedrich aliandika katika kitabu chake kwamba waliokuwa hodari waliruka meta 2.50. Wakati ule kimo cha juu kilichojulikana duniani kilikuwa meta 1.97, alichoruka Mmarekani Michael Sweeney mwaka 1895. Hata Javier Sotomayor wa Kuba, aliyeweka rekodi ya dunia mwaka 1993, aliruka meta 2.45.

Picha hiyo ilienea katika vitabu vya Ulaya. Watu waliitazama wakasema, "Hawa si watu wa kawaida."

KICHUGUU

Je, ni kweli kwamba vijana wa Nyanza waliwashinda warukaji wote wa dunia?

Tusiwe na haraka. Tusome maneno pamoja na picha. Katika kitabu hichohicho, Adolf Friedrich alieleza jinsi mchezo ulivyofanyika. Aliandika kwamba warukaji walikanyaga juu ya kichuguu kidogo, cha urefu wa futi moja hivi, ndipo wakaruka.

Kichuguu! Sisi sote tunakijua kichuguu. Futi moja ni kama sentimeta 30. Sasa tufanye hesabu:

Kimo kilichotajwa: meta 2.50
Toa urefu wa kichuguu: meta 0.30
Jibu: meta 2.20

Katika mashindano ya dunia mrukaji huanzia kwenye ardhi tambarare. Kwa hiyo kimo cha Nyanza hakiwezi kulinganishwa na rekodi ya Sweeney au ya Sotomayor. Michezo hiyo miwili ina sheria mbalimbali. Hata hivyo, kumrukia mtu aliyesimama wima na kupita juu ya kichwa chake ni kazi ya mtu hodari. Kichuguu hakimwondolei mrukaji sifa yake. Kinatusaidia kumpa sifa iliyo sahihi.

Tena picha ya Nyanza haina nyuzi za kupimia nyuma yake, kama zile za Muybridge. Na ni picha moja tu, si 12. Haionyeshi mrukaji alivyokanyaga wala alivyotua. Zaidi ya hayo, kamera ikiwekwa chini na kuelekezwa juu, kitu kilicho hewani huonekana kirefu zaidi. Unaweza kujaribu kwa simu yenye kamera. Mpige picha mtoto anayeruka ukiwa umesimama. Kisha lala chini umpige tena. Utadhani katika picha ya pili ameruka mara mbili zaidi.

Aliyesoma kitabu alijua habari ya kichuguu. Aliyetazama picha tu hakujua. Hiyo ni faida moja ya kujua kusoma.

UHODARI HUTOKA WAPI?

Kuna jambo jingine ambalo picha haikulionyesha. Katika boma la mfalme wa Rwanda walikuwako vijana walioitwa intore, maana yake waliochaguliwa. Vijana hao walifundishwa ngoma, kutumia mkuki, adabu, na kuruka. Adolf Friedrich mwenyewe aliona wavulana wadogo wakiruka meta 1.50. Walikuwa wanafunzi. Mtu anayefanya mazoezi tangu utotoni atakuwa hodari. Mwenda mbio huzaliwa na miguu, lakini mbio hujifunza.

Wazungu wengi hawakutazama mazoezi. Walitazama umbo. Walikuwa na fundisho kwamba Watutsi ni watu wa aina nyingine, wazuri kuliko majirani zao, waliozaliwa kutawala. Picha za watu warefu na warukaji zilitumiwa kama ushahidi wa fundisho hilo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda ilitawaliwa na Wabelgiji. Katika miaka ya 1930 waliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa kama mtu ni Mtutsi, Mhutu au Mtwa. Mgawanyiko ukakazwa kwa karatasi. Sisi tulio majirani tunajua mwisho wake. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu waliuawa nchini Rwanda, wengi wao Watutsi, na wakimbizi wengi waliingia Tanzania.

Hatusemi kwamba picha moja ya mchezo ilileta mauaji. Mauaji yalipangwa na watu. Lakini fundisho la uongo hujengwa kwa vipande vidogo vidogo. Picha iliyosomwa vibaya ni kipande kimoja.

Na angalia hili pia. Jina la mgeni aliyesimama chini ya kamba linajulikana. Picha ilienea bila jina la yule aliyeruka.

KIPIMO NA JINA

Tulinganishe na picha nyingine. Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia meta 1,500 mjini Christchurch, New Zealand. Alitangulia tangu mwanzo mpaka mwisho, akatumia dakika 3 na sekunde 32.2. Ilikuwa rekodi ya dunia. Kamera zilikuwako, lakini saa na waamuzi pia walikuwako. Njia ilikuwa imepimwa. Jina lake liliandikwa, na nchi yake ikatajwa. Mtu akitazama picha ya Bayi, anaweza kuuliza swali lolote na kupata jibu.

Uchunguzi wa mwendo wa mwili nao uliendelea, safari hii kwa vipimo vizuri. Mwaka 1986 Profesa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitoa habari za akina mama wa Kenya wanaobeba mizigo. Wajaluo walibeba kichwani. Wakikuyu walibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kichwani. Wataalamu walipima hewa waliyovuta ili kujua nguvu wanayotumia. Waliona kwamba mama aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Mama wa kilo 60 anaweza kubeba hivyo kilo 12.

Uchunguzi wa baadaye, uliotolewa mwaka 1995, ulieleza siri yake. Katika kila hatua mwili wetu hupanda na kushuka kidogo, kama kitu kinachobembea. Akina mama hao hubembea vizuri zaidi wakiwa na mzigo, na nguvu kidogo hupotea. Siri ni mazoezi na namna ya kutembea.

Ndugu zangu wanaume wa Njombe, hii si ruhusa ya kuwaachia akina mama kuni, maji na magunia ya viazi! Mzigo ukizidi sehemu ile ya tano, nguvu huanza kutumika zaidi. Na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe.

TUSOME PICHA

Siku hizi picha ni nyingi. Zinakuja kwa gazeti, kwa televisheni, na kwa simu. Nyingine zinatuonyesha mambo ambayo macho hayawezi kuona. Nyingine zinatudanganya. Kila unapoletewa picha ya kushangaza, uliza haya:

1. Nani alipiga picha hii, na kwa nini?
2. Ilipigwa wapi na lini?
3. Kamera ilikaa wapi?
4. Kuna kipimo chochote ndani yake?
5. Watu walio ndani ni akina nani? Wao wenyewe wanasemaje?
6. Kitu gani hakionekani? Kwa maneno mengine, kichuguu kiko wapi?

JARIBIO LA DARASANI

Mnaweza kutengeneza picha zinazotembea bila kamera.

1. Kata vipande 12 vya karatasi ngumu, vyote vya ukubwa mmoja, kama kiganja.
2. Katika kipande cha kwanza chora mtu wa mistari, kama njiti za kiberiti. Amesimama, miguu pamoja.
3. Katika kila kipande kinachofuata mchore mahali palepale, lakini sogeza mguu na mkono kidogo. Mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kushoto nao uende mbele.
4. Panga vipande kwa utaratibu na uvifunge upande mmoja kwa uzi.
5. Viachie upesi upesi kwa kidole gumba.

Mtu wako atatembea. Akichechemea, tafuta kipande kibaya ukichore upya.

MASWALI

1. Kuna tofauti gani kati ya kutembea na kukimbia?
2. Kwa nini Muybridge alihitaji kamera 12 badala ya moja?
3. Nyuzi zilizokuwa nyuma ya watu wa Muybridge zilikuwa na kazi gani?
4. Kichuguu cha Nyanza kilibadilishaje maana ya picha?
5. Kama ndoo ya maji ina kilo 20, mama anayeibeba awe na kilo ngapi ili mzigo huo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake?
6. Leteni darasani picha moja kutoka gazetini au kwenye simu. Jadilianeni kwa kutumia yale maswali sita ya kusoma picha.